Keki ya Ghorofa Iliyokwenda Karagita

Hadi leo, harufu ya siagi inayoyeyuka karibu na makaa hunipandisha hasira kabla haijanitia njaa. Utanivumilia, msomaji, nina sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naishi na nyanya yangu, Shosho, kule Kuresoi, kwenye baridi inayofanya vidole vikatae kazi. Mama alikuwa Karagita, kwenye shamba la maua. Kazi yake ilikuwa kuchagua: ua lenye shina lililopinda au doa dogo, anatupa. Nyumbani alikuja mara chache, akalala siku mbili, akaondoka kabla sijamaliza kumweleza habari za shule. Pasaka ile niliamua haondoki. Ukutani kwa Shosho kulikuwa na kalenda yenye picha ya keki ya ghorofa, nyeupe pe. Nikajiambia kwamba Mama akiikuta keki kama ile mezani, ataona hata kwetu kuna vitu vizuri, na atabaki.

Oveni hatukuwa nayo, lakini keki ya kwetu huokwa kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nikaoka mbili, kubwa na ndogo. Jiko lilikuwa limeegemea upande, kwa hiyo zote zikaumuka bega moja juu. Nikachukua kisu cha viazi, nikakata bega la kulia. La kushoto likawa juu. Nikakata la kushoto. Niliendelea hivyo hadi ile ndogo ikakaribia kuwa chapati, na Shosho, aliyeketi kando akila vipande nilivyokata, hakunizuia hata mara moja.

Krimu yangu ilikuwa siagi na sukari niliyotwanga kwenye kinu. Siagi ilikuwa ngumu kama kipande cha sabuni. Kila nilipopaka, ilibandua keki, na ule weupe ukajaa makombo.

"Si upake kidogo kwanza, ishike hayo makombo," Shosho akasema. "Ikikauka, ndio upake ingine. Hata ukuta wa jikoni tulikandika hivyo."

"Shosho, hii si ukuta," nikamjibu, na naona aibu kuyaandika. Mtu ambaye hajawahi kuoka keki angenifundisha nini? Baadaye nilikuja kuwaona waokaji wa Nakuru mjini wakipaka hivyo hivyo alivyosema. Siku ile nilisogeza keki karibu na jiko ili siagi ilainike. Ikalainika kweli. Ghorofa ya juu ikateleza taratibu, ikaketi kwenye ukingo wa sinia. Nikairudisha, ikateleza tena. Nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, huku nikiendelea kupaka kwa kiganja.

Mama aliingia mikono yangu ikiwa bado imejaa mafuta. Akaizunguka ile keki akiitazama kwa macho yale yale ya kuchagua maua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni wewe umepika hii yote?" akauliza. Akakata vipande vitatu, tukala, sukari ikilia menoni. Iliyobaki akaifungia kwenye mkebe. "Hii naenda nayo."

Siku ya pili akaondoka, na mkebe wake. Nilikataa kumsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimeoka ili abaki, na sasa alikuwa amebeba aibu yangu akawachekeshe wenzake. Nilimkasirikia muhula mzima.

Mwaka jana nilikutana na mwanamke mmoja aliyekuwa jirani ya Mama kwenye ploti ya vyumba vya kupanga kule Karagita. Aliponitambua, akacheka. Alisema Mama aliwaita wapangaji wote waje waone keki ya msichana wake, kisha akafunika mkebe bila kumpa mtu hata kombo. Wakamwita mchoyo. Alikuwa akila kipande kidogo kila jioni akitoka kazini, hata ilipokuwa ngumu ya kuchovya kwenye chai, na kabla hajala alikuwa akipiga simu nyumbani. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyeachwa. Na jioni zile simu ya Shosho ilipolia, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia aseme nimelala.