Chakula cha Wifi na Kiungulia Changu

Wasiwasi ndiyo akili, husema watu wetu, na mimi akili ya namna hiyo Mungu alinijalia debe zima. Mwaka ule kiungulia kiliponishika hapa Guangzhou sikujiuliza nimekula nini. Nilijiuliza nimelishwa nini, na nani kanilisha.

Wa kumshuku nilikuwa naye chumba kimoja. Tulipanga mtaa wa Dengfeng, mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mimi nanunua mikoba ya biashara kwenye soko la Shiling, yeye nguo za watoto. Alifika mwezi wa pili, na mwezi wa tatu kifua kikaanza kuniwaka. Nikilala, maji makali yananipanda mpaka kooni. Naamka sauti imekauka, laobani mwenye duka la mikoba hanisikii hata nikibishana bei. Haya, unganisha mwenyewe. Wifi huyu hakunitaka tangu siku ya posa. Alisema mbele ya watu kwamba kaka yake angepata mwanamke mpole kuliko mimi. Leo hii ananipikia kila alfajiri, kulikoni? Na kila anachopika anakinyunyizia unga wa kijani kutoka kopo lisilo na jina. Nikimuuliza, anasema ni majani makavu ya kwao Dodoma. Mimi ni wa Mbeya, majani ya kwao nayajulia wapi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikaacha kula chakula chake, wala sikumwambia. Kila asubuhi alinifungia hotipoti, ugali na maharage au wali, niende nayo Shiling. Nikifika chini kwenye mapipa namwaga yote. Ndani ya gari la kukodi nakula tambi za pilipili, zile za kumwagia maji ya moto, nazimeza bila kutafuna kwa sababu dereva hapendi harufu yake. Jioni namwambia wifi nimekula na wateja. Akiingia kuoga, natoa biskuti na soda baridi chini ya mto, nakula nimejilaza, masikio yako bafuni.

Kiungulia badala ya kupungua kikazidi. Mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nikasema moyoni, kumbe alishanilisha ya kutosha. Hospitali walinipitisha kamera kooni, hawakuona kidonda, wakanipa vidonge vya kupunguza asidi. Vilinituliza, vilipokwisha, moto ukarudi. Nikaanza kupanga maneno ya kumpigia mume wangu: achague, dada yake au mimi. Na sikuwa natania.

Kabla sijapiga, Mtanzania mwenzangu ninayesali naye, dada anayesoma uzamivu hapa, akanipeleka kwa daktari Mkorea wa tiba za asili za kwao. Mama mtu mzima, ana chumba juu ya mgahawa. Daktari anasema Kichina, dada anatafsiri. Sikumwamini hata chembe. Alinishika mkono kwa vidole vitatu, akatega sikio kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akaukagua ulimi. Halafu akanibonyeza kwenye chembe cha moyo, nikaruka kitandani.

"Hapa pamekaza," alisema.

Kwa tiba yao, alieleza, asidi siyo yenye kosa. Tumbo lenyewe limechoka na kupoa, limekakamaa, halisukumi chakula chini. Basi kinakaa, kinachacha, kinarudi kilikotoka. Na kinacholikakamaza si chakula peke yake. Hasira na wasiwasi mtu akivifungia ndani hubana ini, na ini likibanwa hulionea tumbo. Nikawaza, nimekimbia uchawi wa Dodoma, sasa naletewa wa Korea.

Akauliza kama nakula haraka. Nikakana. Akauliza kama nalala nikishakula. Nikajifanya sikuisikia tafsiri. Akauliza tena, "Unakula na nani?"

Nilimgeukia yule dada. "Umemwambia nini wewe?"

"Mimi? Nina lipi la kumwambia?"

Kweli hakuwa nalo, sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Nikasema nakula peke yangu, kwa kujificha. Daktari hakushangaa, aliandika tu. Akasema dawa ya kunywa atanipa, lakini haimsaidii mtu anayekula kama mwizi.

Kama tiba yao ina ukweli wote, sijui mpaka leo. Ila swali lile lilinikaa. Chakula cha wifi nilikuwa sijakigusa kwa miezi, na ndiyo miezi niliyoungua zaidi. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka mbele ya wageni.

Mchana ule sikwenda Shiling. Nilinunua samaki, nikapika na wali laini. Wifi aliporudi kutoka sokoni nikamwambia nimepika mimi, na nina jambo la kusema naye.

"Kama ni la hotipoti, nalijua," alisema, akivua viatu.

Hapa mabaki ya chakula yana pipa lake, na kuna mzee wa kulinda mapipa. Huyo mzee ndiye aliyemkaripia wifi zamani, akimwonyesha kwa kidole ugali niliomwaga kwenye pipa lisilo lake. Nani mwingine anapika ugali jengo lile? Wifi akapanda ngazi, na kesho yake akanifungia tena.

"Sasa wifi, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani siku moja utakula."

Nikamwomba msamaha, nikamweleza yote, la unga, la mume wangu, sikumficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikampakulia. Akashika kijiko, akakirudisha mezani, akanisukumia ile sahani taratibu, bila hasira yoyote.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Nikaonja. Nikala kijiko cha pili na cha tatu, namtazama. Alinitazama nikimeza, halafu akainuka, akatoa mkate kwenye mkoba wake, akaenda kuula dirishani.