Bua Langu Halitoki Shambani

Mtu akisema mimi ni mchoyo, nakubali. Nyumbani kwangu ukija utakula ushibe na utafungiwa ya watoto. Lakini bua la mahindi lililoota kwenye shamba langu halitoki hapo, na anayetaka kujua sababu avute kiti.

Nimeolewa nje kidogo ya mji wa Kitale, upande wa kuelekea mlimani. Huku desturi ni moja: mahindi yakishavunwa, shamba linakuwa la ng'ombe wa kila mtu. Hakuna anayeomba ruhusa. Wanaingia asubuhi, wanakula mabua mpaka udongo unabaki uchi, halafu jioni wanarudi kulala makwao, na mavi wanayaacha huko. Watu wanaita huo ujirani mwema.

Mume wangu alipofariki nilibaki nikilima shamba hilo chini ya mama mkwe, maana ardhi ni yake. Mavuno yaliyofuata yalinivunja moyo. Mahindi yaligeuka zambarau yakiwa bado machanga, na magunzi yalitoka na mapengo kama mdomo wa bibi kizee. Mama mkwe akaniita jikoni kwake.

"Hii shamba imechoka," akasema. "Hata mbolea haisikii. Shemeji yako amepata mtu wa kukodisha. Wewe utakuwa unapata kibarua hapa na pale."

Kibarua! Kwenye shamba lililowalisha wanangu! Damu ilinichemka, lakini huyo ni mama mkwe, hajibiwi ovyo.

"Mama, shamba halijachoka. Shamba lina njaa."

"Ati njaa? Na ile mbolea yote ya duka?"

Njaa hiyo naijua, nimelelewa nayo kule Kabuchai, Bungoma. Baba yangu alipanda miwa juu ya miwa. Lori lilibeba miwa kwenda kiwandani, majani yakachomwa moto, na shamba likaachiwa majivu, ambayo nayo upepo uliyapenda. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na baba alichovya miaka na miaka. Akaja kupanda mahindi hapo, yakatoka membamba kama majani ya vitunguu. Akamwaga mbolea ya duka, akaongeza, akaongeza tena, mpaka udongo ukawa mchachu na nyungunyungu wakahama. Mbolea bila mabua yanayooza ni chai kwenye chujio. Mvua kubwa ikipiga, mto Nzoia pale karibu na Webuye unapita mwekundu, umebeba udongo wetu na mbolea yetu tuliyoilipia. Watu wa ziwani, mto unakoishia, wanalia kwamba magugu yamefunga maji, mitumbwi haipiti. Magugu hayo yanalishwa na sisi huku juu! Halafu tunarudi dukani kununua tena, kama watu waliorogwa.

Nilimwambia Mama hayo yote pale pale jikoni. Alinisikiliza huku akigeuza ugali. Mwishowe akasema, "Haya. Msimu mmoja. Ikikataa, inakodishwa."

Basi nikalifunga shamba. Nilikaza seng'enge na kuziba kila mwanya kwa miiba, mabua nikayalaza chini yaoze. Weh! Ungedhani nimefunga kanisa. Jirani mmoja aliniuliza kama huko Bungoma ndivyo tunavyofundishwa kuishi na watu. Nikamjibu kwamba mkono mtupu haulambwi: ng'ombe wake akitaka kula kwangu, alale kwangu, aniachie mavi yake, ndipo tutakuwa tumepeana. Alicheka, akaenda kuwasimulia wengine, nao wakacheka.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, hakucheka. Alikata seng'enge na kuwaingiza ng'ombe wake wote. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta nusu ya shamba imelambwa. Nililia. Nasema ukweli, nilikaa chini kwenye udongo nikalia kwa hasira, kisha nikajifuta na kanga.

Jumapili hiyo alikuwa na wageni kutoka kanisani, wamekaa uani wanakunywa chai. Nikaingia na wilbaro na koleo.

"Hamjambo wageni. Endeleeni tu," nikasema. "Shemeji, nimefuata mabua yangu."

"Mabua gani bana? Si ng'ombe walishakula?"

"Najua. Nayachukulia pale yalipofikia."

Nikapita katikati ya viti mpaka kwenye boma lake la ng'ombe, nikajaza wilbaro mavi, nikatoka nayo kupitia hapo hapo. Kisha nikarudi tena na tena. Mzee mmoja wa kanisa alipaliwa na chai. Shemeji alikodoa macho tu, na mkewe akakimbilia jikoni, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Aibu ile hakuimeza. Wiki iliyofuata, kabla hata mvua haijanukia, alimleta shambani yule mtu wa kukodisha, na Mama akaja nao. Nilikuwa natandaza mavi kwa jembe. Msimu mmoja nilioahidiwa ulikuwa haujaanza.

"Kwani Mama, tulikubaliana nini?"

"Huyu analipa sasa," shemeji akadakia. "Wewe unatuletea vituko mbele ya watu."

Mama akaangalia pembeni. Nikaelewa kwamba ninalipoteza. Nikamgeukia mgeni, mtu mwenye gambuti safi ambazo hazijawahi kuona tope.

"Utapanda nini hapa?"

"Mahindi, mama. Kila mwaka."

"Na mabua?"

"Nafunga marobota, nauzia watu wa ng'ombe wa maziwa."

"Na magunzi?"

"Hayo ni kuni. Pia yako na soko."

"Na shamba utaliachia nini?"

Akacheka kidogo. "Si nitaweka mbolea ya duka?"

Nikamshika mkono wa shati, nikamvuta mpaka kwenye kona ya juu ya shamba, pale kwenye kaburi. Hakulitarajia, akavua kofia.

"Huyu ni mume wangu," nikamwambia. "Alikula kutoka udongo huu tangu azaliwe. Na amerudi. Mwili wake wote umerudi humu humu. Wewe unataka kuondoka na mahindi, na mabua, na magunzi? Hata maiti ametushinda kwa heshima!"

Mama alikuwa amefika nyuma yetu polepole. Aliinama, akang'oa majani yaliyoota pembeni mwa kaburi la mwanawe, akayalaza juu ya udongo badala ya kuyatupa.

Alipoinuka alimtazama shemeji.

"Peleka mgeni barabarani," akasema. "Ukirudi, uje na ng'ombe. Leo watalala hapa, kwa ndugu yako."