Kitasa Mara Kumi na Nne

Kiwandani kwetu, tulikokuwa tukichapa vitabu, tulimwita Wembe. Alilijua jina hilo na alilipenda. Alikuwa msoma prufu, yaani mtu wa mwisho kuzipitia kurasa kabla hazijaingia mashineni, na kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kukata. Sentensi ikirefuka, aliipunguza. Sifa mbili zikifuatana, moja ilikwenda na maji. Lakini kilichomchefua kuliko vyote kilikuwa marudio.

"Msomaji si kiziwi," alikuwa akisema, kalamu nyekundu ikiwa hewani. "Ukimwambia mara moja, kasikia."

Mimi nilikuwa mpanga kurasa. Meza yangu ilitazamana na yake, kwa hiyo ukali wake wote ulinipata mimi kwanza. Alinipita miaka kumi tu lakini aliniita "mwanangu", hasa akitaka kunigombeza. Kadi ya harusi ya mpwa wake aliirudisha kwa bibi harusi ikiwa na masahihisho manane. Walinuniana miezi mitatu. Nilipomwambia kwamba kadi ya harusi si mtihani, alinijibu kwamba ndiyo maana ndoa za siku hizi hazidumu, zinaanza na makosa. Nilimpenda sana yule mama, na nalisema hilo mapema ili ninayoyasimulia sasa yasieleweke vibaya.

Kuna jambo watu wa nje hawalijui kuhusu kazi yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akisoma kitabu kwa mpangilio. Mswada ukifika uligawanywa kwa wapiga chapa watatu, kila mmoja na sura zake, na aliyemaliza kwanza alipeleka kwanza. Wembe aliweza kusoma sura ya tisa Jumatatu, ya pili Jumanne, na ya mwisho akiwa bado hajui mhusika mkuu anaitwa nani. Makosa ya herufi hayajali mpangilio, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwezi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, ndipo alipokuja mkunga.

Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mnene, mwenye mwendo wa mtu aliyesimama wodini maisha yake yote. Alileta mswada wa riwaya, sura kumi na tano zilizoandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Ilikuwa hadithi ya mke na mume, na nyumba ambayo kitasa cha mlango wake wa mbele kilikuwa kibovu. Nilimuuliza kwa utani kama ni maisha yake mwenyewe.

"Mficha uchi hazai, baba," alisema. "Hilo nimewaambia wazazi wodini miaka arobaini. Sasa zamu yangu."

Wiki iliyofuata prufu zilianza kutoka, na Wembe akaanza kuguna. Siku ya tatu aliitupa kalamu mezani.

"Kitasa, kitasa, kitasa! Huyu mama anaandika riwaya au anauza vifaa vya ujenzi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Naungama hilo. Wembe alihesabu: kitasa kilitajwa katika sura kumi na nne. Akaacha mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni, na kwingine kote akakikata pamoja na sentensi zake. Mimi nikazifunga nafasi zilizobaki. Kurasa zilitulia vizuri sana, na nilijiona fundi.

Alhamisi asubuhi mkunga alikuja kuona kazi yake kabla haijaingia mashineni kesho yake. Tulimpa kiti karibu na dirisha. Alivaa miwani akaenda moja kwa moja kwenye sura ya mwisho, ile ambayo mke anachukua bisibisi na kukitengeneza kitasa mwenyewe. Jioni mume anarudi baada ya miaka miwili, anasukuma mlango kama alivyozoea, na mlango haufunguki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao analazimika kubisha hodi. Mke yuko ndani, anasikiliza. Hapo riwaya inaishia.

Mkunga alirudi kurasa za nyuma. Akazipekua zote, taratibu, halafu akavua miwani.

"Nani amekitoa kitasa changu?"

"Ni mimi, dada," Wembe alisema bila wasiwasi wowote. "Kilikuwa kinajirudia. Mara kumi na nne."

"Najua. Nilihesabu."

"Msomaji atachoka."

"Hata mimi nilichoka, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa. Wewe kimekuchosha siku tatu."

Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo. Mkunga hakuwa na hasira. Alizungumza kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kuwapa watu habari ngumu. "Kitabu kingine sitaandika," alisema. "Macho yanaisha. Nisomee hiki kwa mpangilio, kuanzia mwanzo. Ukimaliza ukaniambia bado kinachosha, basi kitoe."

Wembe aliyachukua yale madaftari. Nilimtazama akifungua la kwanza, na hapo ndipo nilipogundua kitu kinachonihuzunisha mpaka leo: vitabu zaidi ya mia nne vilipita mkononi mwake, na hakuwahi kusoma hata kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Alisoma. Simu ilipolia hakuipokea. Katika sura ya kwanza upepo unausukuma mlango, bibi harusi anacheka, na mume anaufunga kwa mguu akisema atakitengeneza kesho. Katika ya tatu mke anauegemezea jiwe, na hacheki tena. Katika ya tano mama mkwe anasema nyumba isiyofungika haina mke. Katika ya saba mtoto anajifunza kuufunga mlango kwa kamba kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Katika ya tisa mume hayupo, na mke analala ameketi sakafuni, mgongo wake ukiwa ndio kitasa. Nilikuwa nikiyasoma haya juu chini kutoka upande wangu wa meza, nikaona ujinga wetu. Kitasa kilikuwa kile kile. Aliyekuwa akibadilika ni mke, na tulipokikata hatukubakiwa na kitu cha kumpimia. Katika kitabu tulichokitengeneza sisi, mwanamke mmoja anatengeneza mlango, basi. Msomaji angejiuliza kwa nini riwaya imeishia kwenye ukarabati wa nyumba.

Wembe alipofika sura ya tisa alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua tena.

"Nimeua kitabu cha mtu," aliniambia kwa sauti ndogo.

Akainuka akaenda kwa meneja, nami nikamfuata. Kwa miaka thelathini na moja hakuna kitabu kilichowahi kurudishwa nyuma kwa kosa lake, na kiwanda kizima kilijua kwamba hilo ndilo jambo alilojivunia kuliko yote. Meneja alikuwa mtu mwema, alimsikiliza, kisha akamwambia, "Mama, kosa moja haliachi mke. Tutaandika wapiga chapa waliruka sentensi. Umebakiza wiki mbili, ya nini kujichafua?"

"Wapiga chapa hawakuruka hata nukta. Andika jina langu."

Aliliandika. Kazi ikasogezwa hadi Jumatatu.

Mchana ule Wembe na mkunga waliketi meza moja, bega kwa bega, wakirudisha sentensi moja baada ya nyingine. Wembe alizisoma kwa sauti, mimi nikazipanga, na kurasa zangu nzuri zikaharibika zote. Sikunung'unika, na wanaonijua watashangaa. Walipofika sura ya kumi Wembe alisita. Akaisoma mara ya pili, akaipekua mbele na nyuma.

"Dada, hapa hakuna," alisema. "Sura zote zina kitasa isipokuwa hii. Ulisahau? Tunaweza kuongeza mstari mmoja tu, pale anapoingia na maji."

Sikuamini masikio yangu. Wembe, kuongeza!

Mkunga alitikisa kichwa.

"Sikusahau," alisema. "Mwezi huo nilikuwa naumwa, na yeye alirudi, akakaa nyumbani, akanipikia uji kila asubuhi. Mlango ulikuwa mbovu vile vile. Mimi tu sikuuona."

Wembe aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mkunga. Kisha akasema, "Basi hapo tusiweke kitu," akafungua sura ya kumi na moja.