Mgeni wa Mama Kahaso

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Kahaso ni kwamba aliiamkia picha. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, mapokezi, katika hoteli ndogo pale Bofa. Yeye, msafishaji wa miaka mingi, alivua ndara, akasimama mbele ya ukuta wa ukumbini na kusema taratibu, "Shikamoo, mzee." Ndipo akaanza kumpangusa vumbi.

Mzee mwenyewe ni bwana wa Kizungu aliyechorwa kwa rangi za mafuta katika karne ya kumi na nane: koti la mahameli, nywele bandia nyeupe, mkono mmoja kiunoni. Mama Kahaso alimwita Mzee Pola, kwa upole wa uso wake.

"Na marahaba huitikia?" nilimtania.

"Huwaitikia wenye adabu."

Kwao Ganze, Wagiriama huwatunza koma, yaani wazee waliotangulia. Aliyesahauliwa na watu wake huja ndotoni kulalamika. Mama Kahaso hakuweza kufikiri kwamba mtu angetundika ukumbini mzee asiye wake, basi miaka yote alimhesabu kuwa babu wa nyumba ile.

Mwezi uliopita mwenye hoteli, Bwana Njenga, aliamua kuweka televisheni mahali pale na picha iende stoo.

"Babu yenu mwampeleka stoo?" Mama Kahaso aliuliza.

Njenga alicheka hadi akakaa. "Mama, mimi ni Mkikuyu wa Nyeri. Babu yangu afanane na huyu wapi? Nilimkuta humu nikinunua nyumba. Hata aliyeniuzia hamjui."

Mama Kahaso hakucheka. Alifagia mchana kutwa, kisha akaniambia, "Kumbe hana mtu." Nilipomweleza kuwa ni picha tu, aliniuliza kama picha ya marehemu bibi yangu ningeiacha stoo na panya.

Kesho yake alimwomba Njenga ampe mzee yule ampeleke kwao Ganze, akapewa. Kikwazo kikawa kaka yake, Dena, mkubwa wa boma lao, maana bila ridhaa yake haingii mtu. Mama Kahaso alimpigia kwa simu ya mapokezi, nami nikiwasikia wote wawili.

"Tumweke upande gani, kuumeni au kukeni?" Dena aliuliza. "Dada, wenzako hurudi nyumbani na mbuzi, wewe waja na Mzungu?"

"Mweke upande wa wageni kwanza. Na mbuzi angekula mahindi yako. Huyu hali."

Dena alikata simu, na siku nyingi zikapita bila ridhaa yake. Mama Kahaso akawa anamwamkia mzee kwa sauti ya chini, kama anayemwomba radhi.

Jana Dena alipiga mwenyewe: mgeni aje Jumapili. Ukuta wa sebuleni umepakwa chokaa, majirani wameambiwa, na anataka kujua kama mzee hunywa mnazi. Mama Kahaso ameshamfunga kwa leso mpya, uso tu ameuacha wazi. Nami nimealikwa. Na leo ni Alhamisi tu.