Jembe Lililopanda Ndege

Mama yangu hawezi kulipia kitu halafu kikalala. Hiyo ndiyo tabia yake, nami nimeivumilia miaka thelathini na mmoja. Inzi akidumbukia kwenye soda aliyoilipia, anamtoa inzi na soda anaimaliza. Alipopata kadi ya bima ya afya, wiki ile ile alikwenda hospitali ya Ilembula kupima macho, meno na sukari, na walipomwambia hana ugonjwa wowote alinuna mpaka jioni.

Jina lake ni Feliciana, ila Makambako wanamwita Mama Basil kwa sababu ya kaka yangu. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vinane jirani na stesheni, na msimu wa viazi ukifika hununua na kuuza, na hakuna mkulima anayemzidi maneno. Mimi ni Hilari, wa pili na wa mwisho, fundi matairi pale njia panda ya malori.

Ugonjwa wake ulipata chakula siku benki moja ya Njombe mjini ilipompa kadi ya mkopo. Kijana mwenye tai alimwambia, "Mama, ukilipia tiketi ya ndege kwa kadi hii, bima ya safari unayo humo humo." Mama akaipokea kwa mikono miwili. Miaka miwili ikapita, ada ya kadi inakatwa, na ndege yeye anaiona tu ikipita juu ya mahindi yake. Kila ada ilipokatwa nilisemwa mimi, kana kwamba ndimi niliyeficha kiwanja cha ndege.

Ndipo Basil, anayeuza vipuri kule Lusaka, akapiga simu kusema anaoa. Binti anaitwa Jane, Mzambia, na ukweni wanatungoja.

Sasa elewa jambo moja. Treni ya kwenda Zambia inapita nyuma ya choo chetu. Mama akipiga chafya, abiria wanamwitikia. Lakini alitangaza kwamba atapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha ndege mbili.

"Mama, Zambia iko huku," nikamwonyesha kwa mkono. "Wewe unaanza safari kwa kwenda kule?"

"Treni haina bima," akasema.

Akaniletea kijitabu cha kadi nimsomee, maana kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma jioni tatu. Nikamweleza kwamba bima inaanza kufanya kazi pale tu tiketi inapolipiwa kwa kadi yenyewe. Ukilipa taslimu, umejilipia na huna kitu. Begi likichelewa zaidi ya saa sita, unachukua hati ya shirika la ndege pale pale uwanjani, unanunua mahitaji ya lazima, unatunza risiti, wanakurudishia. Begi likipotea moja kwa moja, wanalipa thamani ya vilivyomo, ilimradi uthibitishe.

"Na lisipochelewa?" akauliza.

"Hupati kitu. Unafurahi umefika salama."

Akaguna. Naujua mguno huo. Usiku ule kwenye rozari aliombea wagonjwa, marehemu na wasafiri, na alipofika kwenye mizigo alisema tu, "Mapenzi yako yatimizwe," kwa sauti ya mtu anayetoa ruhusa.

Wala nisingejali kama begi lingekuwa na nguo tu. Lakini katika ukoo wetu, kabla mahari haijatajwa, jembe linatangulia. Lazima liwe jembe lililokwisha kulima, litoke nyumbani kwa baba wa kijana, na likabidhiwe na mama mwenyewe. Baba yetu, Romanus, alifariki miaka sita iliyopita. Jembe lake lilikuwa bado nyuma ya mlango wa jikoni, limelika likabaki upana wa kiganja. Bila hilo jembe, Basil haoi; atakuwa amemchukua tu binti wa watu.

Mimi nilikuwa nakwenda kwa treni, na mablanketi ya kuwapa mabibi wa ukweni na gunia la viazi. Nikamwambia mama, "Nipe jembe. Nitalilalia."

"Hilari, wewe tiketi yako umeinunua dirishani kwa taslimu. Likipotea, nani analipa?"

"Halitapotea, kwa sababu nitakuwa nimelilalia."

"Litakaa penye bima," akasema. Akaling'oa mpini, akalifunga kwenye khanga, akalitia katikati ya begi. Nikaondoka na hasira zangu.

Nilifika Lusaka Jumatano. Alhamisi mchana mimi na Basil tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Abiria wote walitoka wakisukuma mizigo. Mama akatoka wa mwisho, mikono mitupu, karatasi kaishika juu, na anatabasamu.

"Limechelewa," akasema. "Hati ninayo."

Alikuwa ameshapanga ununuzi wote pale pale kwenye foleni: viatu, sweta, gauni la ukweni. Alikuwa anamwuliza Basil maduka yako wapi nilipomkatiza.

"Na jembe, mama?"

Tabasamu likamtoka. Alitazama mlango aliotokea kana kwamba jembe lingekuja lenyewe kwa miguu. Makabidhiano yalikuwa Ijumaa jioni.

Ukweni walipoona mgeni hana hata nguo ya kubadili, bibi yake Jane, mama mmoja mwembamba mwenye macho makali, alifungua sanduku akamvika vitenge vyake na sweta lake. Kukataa nguo ya mkwe ni matusi, hivyo mama akavaa. Niliona anavyoumia. Nguo ya kuazima haina risiti.

"Bima imekwenda na maji," nikamnong'oneza.

"Nyamaza, wewe."

Ijumaa asubuhi shirika la ndege likasema begi halijulikani liko nchi gani. Bima nao wakamtumia Basil fomu kwenye simu: orodhesha vitu vyote na thamani yake, endapo litapotea kabisa. Mama akasema na Basil akajaza. Vitenge, doti mbili, akataja bei. Viatu, akataja bei na kuipandisha kidogo. Likafuata jembe.

"Niandike elfu tano?" Basil akauliza. "Limechakaa, mama."

Mama yangu hukadiria gunia la viazi kwa kulipiga teke. Nimemwona akimtajia mtu bei ya lori zima huku anasonga ugali. Asubuhi ile alikaa kitandani na nguo za watu na bei haikuja.

"Jembe hilo limelima ada yako ya shule," akamwambia Basil. Kisha akalia. "Mimi ndiye niliyeomba lipotee. Nilisema mapenzi yake yatimizwe na moyoni nikasema nini? Nimelipoteza jembe la baba yenu kwa sababu ya sweta."

Nilikuwa na maneno yangu niliyoyaandaa tangu uwanja wa ndege, makali na yamepangwa vizuri. Hayakutoka. Niliona huruma, na nikaona aibu kwa kuyaandaa.

"Niandike nini?" Basil akauliza tena.

"Andika haliuzwi."

Akaandika hivyo hivyo, akatuma.

Mama akajifuta uso kwa sweta la bibi. "Hilari, tafuta duka la majembe."

Tulinunua jembe jipya na mpini wake, pamoja na mswaki, akalipa kwa kadi na risiti akaitia kifuani. Lakini jembe jipya halijalima, na lisilolima halioi. Kwa hiyo saa nne asubuhi, mama mkwe mtarajiwa, mgeni wa siku moja, aliingia kwenye bustani ya bibi nyuma ya nyumba akaanza kulima. Ardhi ilikuwa kavu, mvua bado. Tulipotaka kumpokea jembe alitufukuza wote wawili. Bibi akatoka na kiti, akakaa kivulini kwa ukuta, akamtazama. Lugha hawakuwa nayo ya pamoja. Mpaka saa saba bustani nzima ilikuwa imelimika, na mama viganja vimechubuka.

Jioni wazee walikaa, Jane, ambaye Basil alimfundisha Kiswahili, akiwa mkalimani kati yetu. Nilidhani mama atakabidhi tu na kukaa kimya, maana nani angejua? Yeye akapiga magoti na kueleza yote. Jembe lenyewe limepotea, akasema, hili lina umri wa siku moja, na kosa ni lake. Akasema pia habari ya kadi, na Jane akahangaika kuitafsiri.

Mjomba wa Jane alikunja uso. Akasema desturi ikianza kuchepushwa mlangoni, itafikaje chumbani? Basil alitazama chini.

Bibi akanyoosha mkono akalichukua jembe. Lilikuwa bado na udongo. Akaukwangua kwa kucha, akamwonyesha mjomba, akasema neno fupi. Jane akatutafsiria huku analia: "Anasema, la baba angesimuliwa. Hili ameliona mwenyewe likilima."

Mahari ikatajwa usiku ule ule, na Basil akafunga ndoa Jumamosi. Nilicheza mpaka kiatu kikaachia soli.

Jumanne begi likaletwa mlangoni na gari dogo. Mama hakugusa viatu wala vitenge. Aliipapasa ile khanga mpaka akalikuta. Alitaka kubadilishana majembe na bibi, bibi akakataa katakata. Saa hiyo hiyo simu ikaita, binti wa bima.

"Mama, begi limepatikana, kwa hiyo tunabaki na ucheleweshaji. Risiti mliyotuma ina vitu viwili tu, mswaki na jembe. Nguo je? Tungelipa."

"Nilivishwa," mama akasema kwa uchungu.

"Pole. Sasa jembe, mama, sio hitaji la lazima la msafiri."

"Binti, wewe umeolewa?"

"Bado."

"Basi usiniambie cha lazima ni kipi. Umeona wapi mswaki ukimwozesha mtu?"

Binti akacheka, akasema atawauliza wakubwa wake. Wiki tatu baadaye walilipa vyote viwili, na mama mpaka leo anawasimulia wageni wa kila chumba.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile, siku mbili baada ya begi kuletwa, Basil alitusindikiza Kapiri Mposhi inakoanzia treni, mimi nipande, mama nikidhani anakuja kuniaga tu. Ndege yake ilikuwa kesho yake, imelipiwa kwenda na kurudi, kwa kadi, na bima yake kamili. Nikamwona anasogea dirishani, anatoa noti, anakata tiketi ya kukaa karibu nami. Alikuwa amelipakata jembe la baba kama mtoto mchanga.

"Ukioa wewe, ndilo litakalokwenda," akasema. "Na usinicheleweshe."

"Mama, tiketi ya ndege je? Si umeshailipia?"

Akalivuta karibu zaidi, akatazama reli.

"Ilale," akasema.