Mawe Mbele ya Duka

Nichekeni, ila mnisikilize kwanza. Nilikuwa mgeni Mlandizi, nimetoka Maneromango juzi tu kuja kuuza kwenye duka la kijiji. Sabuni ilikuwa imeadimika hadi watu wanafulia majani ya mpapai, na siku hiyo tulitarajia lori liilete.

Alfajiri nilikuta mawe yamepangwa mstari mbele ya mlango. Nikasema ni michezo ya watoto, nikayasukumia pembeni kwa fagio. Matatu mazuri nikayafanya mafiga nyuma ya duka, nikabandika chai. Nikajiona mchapakazi kweli!

Jua lilipochomoza wakaja kina mama.

“Nani kavuruga foleni?”

Kumbe kila jiwe lilikuwa mtu. Kwetu tulipanga vikapu; hawa walipanga mawe tangu jana, wakaenda zao kulala.

Nikadhani watapigana. Wallahi, sijaona maajabu kama yale. Mmoja mmoja aliinama kwenye rundo, akaokota jiwe lake kama anayemtambua mwanawe, akaliweka nyuma ya la jirani yake. Hakuna aliyebisha.

Nafasi tatu zikabaki tupu. Bi Mwanahawa, bibi aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akanusa moshi, akazunguka nyuma.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba, mjukuu wangu.” Akaiepua sufuria yangu, akalitazama jiwe lililojaa masizi, kisha akawapigia kelele wenzake:

“Langu nimeliona! Ila sasa na lenyewe linataka sabuni.”