Ghorofa Ambazo Sikupanda

Barua pepe ilisema makala yangu ni mchango wa kipekee kwa sayansi ya dunia, na mimi, mwanamke mzima niliyejiona mjanja, niliamini. Niliisoma mara tatu jikoni nikisubiri chai ichemke, kisha nikatoka na simu mpaka uani kumsomea baba.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa muda chuoni, na nilikuwa nimeambiwa wazi: bila makala iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma kabla ya muhula kwisha, nafasi ya kudumu ingekwenda kwa mwingine. Makala yangu ilihusu jinsi wapangaji wa mtaa wa Pipeline wanavyohifadhi maji katika yale magorofa yao marefu yaliyobanana. Miaka miwili ya kazi. Nilikuwa nimeituma kwa jarida ambalo lenyewe ndilo lililoniandikia kwanza, likiniita profesa, na siku nne baadaye wakajibu kwamba imekubaliwa bila kubadilishwa hata nukta. Nilichobakiza ni kutia sahihi na kutuma ada.

Baba yangu ni mchonga vinyago. Alifanya kazi miaka mingi katika chama cha ushirika cha wachongaji, na sasa anachonga nyumbani kwetu Njiru, chini ya mabati nyuma ya nyumba, swala na twiga mpaka vumbi la mbao linaingia kwenye sufuria. Ni mtu mbishi, tena anaufurahia ubishi wake. Alinisikiliza akiendelea kuchonga, bila kuweka tezo chini.

"Siku nne," akasema. "Na hakuna mtu ameweka chaki?"

Nilijua anachosema. Kule kwenye ushirika, kinyago hakikufika dukani kabla ya kamati ya wachongaji wenzako kukigeuza juu chini na kuweka alama ya chaki palipo na kasoro. Nikiwa mtoto nilimwona akirudi nyumbani na twiga mwenye chaki sehemu tano, akanuna kutwa nzima.

"Hakuna," nikamjibu. "Wamesema ni safi."

"Mimi sijawahi chonga kitu ikakosa chaki." Akanitazama. "Wewe mwenyewe unajua ufa wako uko wapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ya chuo si mambo ya twiga, nikarudi ndani. Lakini nilijua ufa uko wapi, na ndiyo maana nilikasirika. Magorofa yale hayana lifti. Kila nilipokwenda kuhoji wapangaji nilipanda mpaka ghorofa ya nne, magoti yakagoma, nikageuka. Katika makala niliandika kwamba nyumba zilichaguliwa bila upendeleo. Jarida lilikuwa limeisifu hasa sentensi hiyo.

Ndipo nikalichunguza lile jarida jinsi ambavyo ningemwambia mwanafunzi wangu alichunguze. Toleo moja lilikuwa na magonjwa ya ng'ombe, ujenzi wa madaraja na mashairi ya mapenzi. Anwani ya ofisi haikuwa na mtaa. Nikamwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa, kupitia chuo chake, naye akajibu baada ya siku mbili kwamba hajawahi kuwahariria chochote na amechoka kuwaomba waliondoe jina lake. Kama ningetia sahihi, makala isingepokelewa tena popote pengine, na miaka yangu miwili ingezikwa humo pamoja na ng'ombe. Nikawaandikia kwamba naiondoa. Wakanitumia vitisho vya mahakama, na safari hii hawakuniita profesa.

Nafasi ya kudumu ilikwenda kwa mwingine. Nililia, sifichi, nikamweleza baba kuhusu ngazi nilizoziacha, naye akaniletea chai yenye vumbi la mbao. Sijui kama nimewahi kumpenda zaidi ya siku ile.

Kisha nikarudi Pipeline. Kwenye ghorofa ya nane mama mmoja alinifungulia mlango, akaniona ninavyohema, akanipindulia ndoo nikalie.

"Kaa kwanza upumue, madam," akasema. "Watu wa kuuliza maswali huishia huko chini. Hakuna mwenye amewahi kufika huku."

Bomba lake halikuwa limetoa maji tangu ahamie. Alikuwa akipandisha mitungi kila siku, ngazi kwa ngazi, na katika makala yangu safi mama huyu hakuwapo. Niliona aibu kubwa. Nikafungua daftari, nikamwomba anieleze tangu mwanzo.

Niliiandika upya yote. Safari hii nikaituma kwa jarida nililoonyeshwa na mkutubi wa chuo, moja ambalo walimu wangu wenyewe walikuwa wakilisoma. Walikaa nayo miezi saba. Majibu yalipokuja yalikuwa kurasa sita za kasoro kutoka kwa wasomi wawili waliopewa kuikagua, wasiojua kubembeleza mtu. Nikatoka nazo uani, nikamtafsiria baba moja baada ya nyingine, naye akawa anaitikia kwa kichwa, amefurahi kupita kiasi.

"Wameuliza juu ya ngazi?" akasema.

"Ndilo swali la kwanza. Wanataka kujua nilifika ghorofa ya ngapi."

Akaweka tezo chini.

"Na ulifika?"

"Nilifika, Baba. Mpaka juu."